Mifupa ya Waslavi imesema, lakini si yote

Waslavi wa mwanzo, mababu wa watu kama Warusi, Wapoland na Wakroatia wa leo, walichoma maiti zao. Mtu akishakuwa majivu, hana cha kumpa mtaalamu wa vinasaba, ambaye kwa kawaida hutafuta kile kipande kigumu cha fuvu kinachozunguka sikio la ndani. Mifupa inaanza kupatikana kwa wingi baadaye, wakati safari yao ya kuenea Ulaya, kama ilikuwapo, imeshapita. Hiyo "kama" ndiyo iliyogombanisha watu kwa zaidi ya miaka mia.

Katika karne ya 6 mwanahistoria Procopius aliandika kuhusu Wasklaveni, jina la zamani la Waslavi, waliovuka mto Danube na kuvamia ardhi ya Bizanti, yaani dola ya Kirumi ya mashariki. Muda si mrefu, lugha za Kislavi zikawa zinasikika kutoka Bahari ya Baltiki hadi Ugiriki. Je, ni watu waliohama, au ni lugha na desturi zilizoenea huku watu wakibaki palepale? Huko Poland, mwanaakiolojia Józef Kostrzewski alishikilia kwamba Waslavi ni wenyeji wa tangu zamani. Mwenzake Kazimierz Godłowski akapinga, akasema walitoka mashariki. Mwaka 2001 mwanahistoria Florin Curta akaja na hoja kali zaidi: Waslavi kama kabila waliumbwa mpakani, na Bizanti ndio waliowapa jina.

Septemba 2025 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 555 wa kale. Matokeo yake: kati ya karne ya 6 na ya 8 watu wengi walitoka mashariki mwa Ulaya, na asili ya wenyeji ikabadilika kwa zaidi ya asilimia 80 mashariki mwa Ujerumani, Poland na Kroatia. Tena hayakuwa majeshi ya wanaume yaliyooa wanawake wa huko, maana mchanganyiko hauelemei jinsia moja. Nionavyo, hapo Kostrzewski ameshindwa, na Curta naye amebaki na kazi ya kueleza.

Lakini Curta hajaishiwa hoja. Kinasaba hakisemi mtu alijiitaje wala aliongea lugha gani. Sisi wa pwani tunalijua hili: utafiti wa 2023 kuhusu watu 80 wa kale, wakiwamo wa Mtwapa, Manda na Songo Mnara, ulionyesha kwamba kuanzia mwaka 1000 hivi baba wengi wa ukoo walikuwa na asili ya Uajemi na mama walikuwa Waafrika, na lugha iliyobaki ni ya Kibantu, lugha ya akina mama. Anayesoma mifupa hiyo peke yake angeweza kututungia lugha ya Kiajemi. Wabulgaria nao wana jina la watu wa Kituruki na lugha ya Kislavi. Hata asilimia 80 si kanuni ya kila mahali. Kwa wakazi wa leo wa Balkani, kusini-mashariki mwa Ulaya, utafiti mwingine wa 2023 ulikadiria asili hiyo ya mashariki kuwa kati ya asilimia 30 na 60.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni siasa. Chimbuko linalotajwa ni eneo la kutoka kusini mwa Belarus hadi katikati ya Ukraine. Julai 2021 Vladimir Putin alichapisha makala ndefu akidai Warusi na Waukraine ni taifa moja, na miezi saba baadaye vifaru vikavuka mpaka. Mkulima wa karne ya 6 aliyeishi kwenye kibanda kilichochimbiwa nusu ardhini hakuwa na habari ya mpaka huo, lakini ramani yenye mshale haikosi wa kuichukua na kuipeperusha kama bendera.

Taasisi iliyoongoza utafiti huo wa 2025 iko Leipzig, mji ambao jina lake kwa kawaida huhusishwa na neno la Kislavi "lipa", jina la mti ambao Waingereza huuita linden. Wajukuu wengi wa Waslavi wa eneo hilo waliingia kwenye Kijerumani karne kwa karne, bila kuhamia popote. Waliobaki na lugha yao ni Wasorbi wachache. Ukifika mji wao mashariki zaidi, kibao cha barabarani kinasema Bautzen, na chini yake Budyšin.