Kabla ya kuunganisha vyuo vikuu, tuulize vitafundisha nini pamoja

Kila vyuo vikuu vya umma vinapolemewa na madeni, iwe Kenya au kwingineko katika ukanda wetu, hoja ya kuviunganisha huibuka upya, na mara nyingi huja kama hesabu ya kutoa: wakuu wa vyuo wapungue, mabaraza yapungue, fedha zitakazosalia zilipe mishahara. Naunga mkono kuunganisha vyuo pale panapostahili, lakini naamini swali la kwanza ni la kitaaluma, yaani vyuo hivyo vitafundisha na kutafiti nini kwa pamoja ambacho kila kimoja peke yake hakikiwezi.

Swali hili si geni kwetu. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoundwa mwaka 1963, kiligawa fani kwa makubaliano: sheria ilisomwa Dar es Salaam, udaktari Makerere, uhandisi Nairobi. Nchi changa zisizoweza kila moja kujenga hospitali yake ya kufundishia na karakana zake za uhandisi ziliwapeleka vijana wao kule walimu na vifaa vilikokuwa. Mpango huo ulivunjika mwaka 1970, kwa kuwa kila taifa lilitaka wataalamu wengi zaidi na lilitaka kupanga masomo yake lenyewe, na sioni kosa katika hilo. Tanzania iliendelea kugawanya: Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoko Morogoro, mwaka 1984, kisha Muhimbili cha afya na Ardhi cha masuala ya ardhi na ujenzi mwaka 2007. Sikatai kwamba Morogoro imenufaika kwa kuwa na chuo kinacholala na kuamka na kilimo. Ninachosikitikia ni kwamba ile busara ya kugawana vifaa vya gharama kubwa tumeibakiza kidogo mno.

Rwanda ilichukua njia ya pili. Mwaka 2013 taasisi saba za umma, kikiwamo Chuo Kikuu cha Taifa cha Butare na vyuo vya sayansi na teknolojia, ualimu, afya, kilimo na fedha, zilifanywa Chuo Kikuu kimoja cha Rwanda chenye ndaki sita, yaani vyuo sita vilivyo ndani yake. Kwa maendeleo endelevu naona mantiki kubwa hapo. Udongo unaosombwa na mvua milimani haumhusu mtaalamu wa kilimo peke yake. Unamhitaji mhandisi wa maji, mchumi, na mwalimu atakayelifikisha somo hilo kwa watoto wa kijijini, na ni rahisi zaidi watu hao kutunga mtaala mmoja wanapokuwa chini ya seneti moja. Lakini kutoka kampasi ya Huye (ndiyo Butare), kusini, hadi ile ya Nyagatare, kaskazini mashariki, ni safari ya kuivuka karibu nchi nzima. Bila mabasi, mabweni na intaneti ya uhakika, mwanafunzi wa kampasi moja hatafaidi chochote cha kampasi nyingine, na gharama hizo hazina budi kuhesabiwa tangu mwanzo.

Afrika Kusini imelipia somo hili. Katika mageuzi yaliyosimamiwa na Waziri wa Elimu Kader Asmal, yaliyokusudia kuvunja mgawanyo wa vyuo kwa rangi, chuo cha udaktari cha Medunsa, kilicho karibu na Pretoria, kiliunganishwa mwaka 2005 na Chuo Kikuu cha Kaskazini kilicho zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo, na kuzaa Chuo Kikuu cha Limpopo. Baada ya miaka kumi vilitenganishwa, na Medunsa ikazaliwa upya kwa jina la Sefako Makgatho. Lengo la kufuta ubaguzi lilikuwa la haki kabisa; ndoa hii mahususi ndiyo haikusimama.

Kwa hiyo, serikali yoyote itakayoleta mswada wa kuunganisha vyuo itaje wazi maabara zipi zitatumiwa kwa pamoja, kozi zipi zitatungwa upya, na wahadhiri na mafundi sanifu watahamishwa kwa masharti gani. Itaje pia ofisi itakayotunza kumbukumbu, kwa maana mhitimu wa chuo kilichofutwa jina atahitaji nakala ya matokeo yake hata miaka 20 baadaye.