Tulitumwa Mtaro, Tukarudi na Choo

Ukipewa dakika 3 za kulieleza baraza la jiji habari za mtaro ulioziba, usidanganyike. Dakika ya kwanza huliwa yote na itifaki. Mstahiki Meya, Mheshimiwa Naibu Meya, waheshimiwa madiwani, Mkurugenzi, wakuu wa idara, wananchi wenzangu. Nilipomaliza kuwataja wote hao nikashusha pumzi, na kataa ka manjano kwenye meza ya katibu kalikuwa kameshawaka.

Majirani walinichagua kuwa msemaji kwa sababu ya sauti yangu nene. Hoja walikuwa nazo wao, mimi nilitoa koo tu. Fomu tuliijaza mapema tukaipeleka ofisi ya katibu, tukapangiwa nafasi chini ya “Maoni ya Wananchi”, kabla ya taarifa za kamati. Siku yenyewe tukangoja akidi itimie, maana madiwani walikuwa wakiingia mmojammoja kama matone ya bomba bovu.

Basi nikasema. Nikaeleza mvua inavyonyesha, maji yanavyokosa pa kwenda, yanavyoamua kuja kwetu. Nikafika penyewe hasa: “Kwa hiyo, Mstahiki Meya, tunachoomba ni…” Kengele.

“Ahsante sana, mwananchi. Hoja yako imesikika.”

Hoja ipi? Nilikuwa sijaitoa!

Nikabonyeza kitufe cha maiki, taa nyekundu ikazima, nikaegemea kiti nikiwa nimenuna. Kumbe taa ilizima peke yake. Maiki yenyewe ilikuwa bado macho. Ukumbini haikusikika, kwa kuwa mwanzoni spika za upande wetu zilikuwa zinapiga mluzi na fundi akazishusha hadi mwisho. Lakini mashine ya kurekodi ina waya wake, na karani wa kumbukumbu alikuwa amevaa visikilizio, anaandika kila kinachomwingia masikioni.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja jirani yetu, mtu mzima, mwenye mnong'ono unaovuka barabara.

“Mwanangu, choo kiko wapi humu?”

“Kimefungwa, mama. Ufunguo anao mlinzi, na mlinzi ameenda kula.”

“Jengo lote hili? Na kiti hiki mbona kinanichoma?”

“Kina msumari, mama. Sogea huku.”

Akasogea. Akatulia kidogo, akanyoosha kidevu kuelekea kwa waheshimiwa.

“Yule wa mwisho kule amelala?”

“Hapana, mama. Anatafakari.”

“Mbona anakoroma?”

“Anatafakari kwa kina.”

Tukaenda zetu nyumbani.

Kikao kilichofuata tulikwenda kwa wingi kusikia mtaro umefikia wapi. Ajenda ikafika kwenye kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Katibu akasimama, akarekebisha miwani, akaanza kusoma kwa ile sauti yao ya kiofisi ambayo hata matusi yakipita humo hutoka yamepigwa pasi.

“Msemaji wa wananchi alilisalimu baraza kwa kirefu.”

Hapo nikajua mtaro umekwenda na maji.

“Aidha, msemaji alilijulisha baraza kuwa choo cha wageni kimefungwa, na kwamba ufunguo uko kwa mlinzi ambaye wakati huo alikuwa kwenye mlo. Mwananchi wa pili alieleza kuchomwa na kiti. Ilibainika kuwa kiti husika kina msumari. Mwananchi huyo alihoji iwapo mheshimiwa mmoja alikuwa amelala. Alijibiwa kuwa mheshimiwa alikuwa akitafakari. Alipohoji kuhusu kukoroma, aliarifiwa kuwa mheshimiwa alikuwa akitafakari kwa kina.”

Ukumbi ulipasuka. Meya aliinamia makabrasha yake, mabega yanamtikisika. Mheshimiwa mwenyewe akaruka juu: “Mwongozo wa Mwenyekiti! Maneno hayo yafutwe!”

Mwanasheria wa jiji akafungua kanuni, akasema kumbukumbu husahihishwa pale tu zinapokuwa si sahihi. Kumkera mtu si kosa la uandishi. Katibu akaongeza kwa adabu kubwa kwamba sauti ipo, kama waheshimiwa wangependa kusikiliza kile kipande cha kukoroma. Mheshimiwa akaketi bila kudai tena mwongozo.

Mimi nikanyoosha mkono, angalau nieleze kwamba yale yalikuwa mazungumzo ya watu wawili na haja zao. Nikaambiwa mwananchi si mjumbe, hana mamlaka ya kusahihisha kumbukumbu. Maneno yalitoka kinywani mwangu, lakini sasa ni mali ya baraza.

“Wanaoafiki?”

“Ndiyooo!”

Ikaja “Yatokanayo”, yaani taarifa ya yaliyofanyika kutokana na kumbukumbu zile. Hapo ndipo nilipoona serikali ikikimbia. Choo: kimefunguliwa, ufunguo wa akiba umechongwa. Kiti: kimeondolewa, vingine vyote vimekaguliwa. Mlinzi: amepangiwa zamu ya chakula. Hakuna kamati ndogo, hakuna upembuzi yakinifu, hakuna kusubiri bajeti ijayo. Imetekelezwa, imetekelezwa, imetekelezwa.

Nje majirani walinizunguka. “Tulikutuma mtaro, umetuletea choo! Tena choo chenyewe kiko mjini!” Mama peke yake ndiye aliyekuwa na furaha, kwa sababu alikuwa ametoka kukitumia. Ni yeye pia aliyekuja na akili: kama yanayosemwa rasmi hayaandikwi na ya kunong'ona yanatekelezwa, basi dawa ni kunong'ona.

Kikao cha tatu tukawahi viti vilevile. Nikabonyeza maiki, nikaizima, nikampa mama ishara. Akainama hadi midomo ikagusa chuma.

“Mwanangu, ule mtaro wetu umeziba pale kwenye kona, chini ya daraja dogo! Wautoe mchanga!”

“Kweli, mama,” nikamjibu, kwa lile koo langu. “Na wapanue na mdomo wake!”

Kijana aliyekuwa amechuchumaa nyuma ya spika akageuka, bisibisi mkononi.

“Mama, hiyo maiki ikizimwa sasa inazima kweli. Tumeitengeneza juzi, ilikuwemo kwenye yatokanayo.”

Mama akamtazama kijana, akaitazama ile bisibisi.

“Na mtaro je, baba, unauweza?”

“Mimi ni wa umeme, mama.”