Wimbo wa Siku ya Kwanza

Kila ifikapo tarehe 22 Juni, hapa Uingereza huonyeshwa tena kile kipande cha filamu ya habari cha mwaka 1948. Meli ya Empire Windrush imefika bandari ya Tilbury, karibu na London, kutoka Jamaika na wahamiaji wa Karibi, na kijana mmoja mtanashati, kofia kichwani, anaombwa aimbe. Anaimba palepale, bila ala, kwamba London ndiyo mahali pake. Watazamaji hutabasamu. Mimi humkumbuka mama.

Maana nilipofika nchi hii, simu yangu ya kwanza nyumbani ilikuwa wimbo uleule. Nimefika salama, mama. Kuzuri. Watu wakarimu, na chumba nimepata kizuri tu. Chumba chenyewe kilikuwa na dirisha lisilofungika, na mwenye nyumba alikuwa akipanda ngazi usiku kuhesabu viatu mlangoni ajue tumelala wangapi. Lakini nauli ilichangwa na ukoo mzima. Ningeanzaje kulalamika?

Kijana yule ni Aldwyn Roberts, mwana wa mhunzi kutoka Arima, Trinidad. Jukwaani alikuwa Lord Kitchener, kwa kuwa waimbaji wa kalipso, nyimbo za Trinidad za kejeli na habari za siku, hujivika vyeo wenyewe. Mwenzake waliyesafiri naye alijiita Lord Beginner. (Mtoto wa koloni kushuka Tilbury na jina la jemadari wa Kiingereza aliyeshinda vita vya Omdurman, hiyo peke yake ni kalipso.) Wimbo ule aliutunga melini, kabla hajaliona jiji analolisifu. Kwa hiyo tunasikia sauti ya mtu ambaye hajalala London hata usiku mmoja. Kuutumia kama ushahidi kwamba wahamiaji wale walipokewa vizuri ni sawa na kuichukua simu yangu ile kuwa taarifa ya ukaguzi wa nyumba.

Abiria wasio na pa kufikia walilazwa Clapham South, kusini mwa London, chini ya ardhi, katika handaki lililochimbwa wakati wa vita. Ofisi ya kutafutia kazi iliyokuwa karibu ilikuwa Brixton, basi wengi wakaanza maisha huko. Hakuna aliyepanga kwamba Brixton iwe mtaa wa Wakaribi. Ilitokana na umbali wa kutembea kwa miguu.

Sasa sikiliza alichoimba Kitchener alipokwisha kupanga chumba. Kuna wimbo wa treni ya chini ya ardhi, mgeni anapotea humo hajui atokee wapi. Kuna wimbo wa mwenye nyumba mwanamke, mdaku, mwenye kujua kodi tu. Na kuna ule wa Sweet Jamaica, ambamo anajuta siku aliyoondoka, na kusema wenzake wengi nao wanajuta. Sauti ni ileile, na si miaka mingi imepita. Huu wa majuto hauchezwi kwenye sherehe za Juni.

Nyimbo hizi zina kitu ambacho ule wa melini hauna: wasikilizaji wanaojua. Ukiimba habari za mwenye nyumba mbele ya watu waliotoka kugombana na wenye nyumba wao asubuhi hiyo, huwezi kutia chumvi ovyo, na wala huhitaji kueleza. Neno moja linatosha, ukumbi unaangua kicheko. Shabiki yeyote wa taarabu anaelewa fumbo linavyofanya kazi likikuta wenyewe wamekaa. Ndiyo maana simwamini anayesema msanii mhamiaji lazima kwanza ajitenge na watu wake ndipo akue. Kitchener alikua kwa sababu wapangaji wenzake walikuwa wakimsikiliza.

Na walikuwa naye kwenye furaha pia. Juni 1950 timu ya kriketi ya West Indies, yaani ya nchi za Karibi, iliifunga Uingereza kwenye uwanja wa Lord's, London, mara ya kwanza kabisa kushinda mechi rasmi ya kimataifa katika ardhi ya Uingereza. Kitchener akashika gitaa, akaongoza watu kuuzunguka uwanja wakiimba, kisha wakaandamana wakicheza hadi Piccadilly, katikati ya jiji. Watu waliokuwa wakiambiwa vyumba vimejaa, siku hiyo waliijaza barabara.

Baadaye alihamia Manchester, na mwishoni mwa 1962, Trinidad ikiwa imeshapata uhuru wake Agosti, akarudi nyumbani. Huko akawa mfalme wa nyimbo za barabarani za kanivali kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 2000. Hakuishi kuona kashfa ya 2018, pale ilipofichuka kwamba watu wa Karibi waliokuja Uingereza wakiwa watoto, wakazeekea hapa, walikuwa wakinyimwa kazi na matibabu kwa kukosa karatasi, na baadhi wakafukuzwa nchini. Mwaka huohuo serikali ikaitangaza 22 Juni kuwa siku ya kuwaenzi. Nadhani Kitchener angepata beti tatu hapo bila kutoka jasho.

Mama bado huniuliza habari za chumba kile kizuri. Nilikihama mwaka wa pili. Humwambia nilitaka cha karibu na kazini.