Redio Imepona, Bei Haijatajwa

Kitambaa kinafunuliwa, mama wa makamo anaziba mdomo kwa kiganja, na redio ya marehemu baba yake inawaka taa baada ya kukaa darini miaka na miaka. Fundi anarudi nyuma hatua mbili, ampishe alie. Aliyewahi kutazama The Repair Shop, kipindi cha televisheni cha BBC ya Uingereza ambamo mafundi hutengeneza vitu vya urithi vya watu, anaijua picha hii, kwa sababu karibu kila kipindi kinaishia hapo. Kilianza mwaka 2017 kwenye BBC Two, kikapandishwa BBC One saa za usiku wakati familia nzima iko sebuleni, na Oktoba 2022 kikamwonyesha hata Charles na saa yake ya karne ya 18. Alirekodiwa kabla hajarithi kiti. Kipindi kilipotoka alikuwa mfalme.

Nakiri mapema: mimi nakipenda, na kimeniliza zaidi ya mara moja. Lakini kuna tukio moja ambalo kila fundi duniani analijua na humo silioni. Hakuna anayeuliza, "Itakuwa shilingi ngapi?"

Kazi hufanywa bure. Mwenye kitu huja na hadithi yake, mafundi huchukua muda wao, na siku ya kurudi hakuna bili. Watetezi wa kipindi watasema huo ndio uzuri wenyewe, na wana hoja nzito. Uingereza ina kipindi kingine cha vitu vya kale, Antiques Roadshow, kinachorushwa tangu 1979. Kule watu hupanga foleni na birika la bibi, mtaalamu analigeuzageuza, halafu wote wanasubiri neno moja: thamani yake pauni ngapi. Mwenye birika anajifanya hajali, macho yanamtoka. The Repair Shop imekataa mchezo huo. Dubu wa kuchezea aliyetoka jicho, ambaye sokoni hata pauni kumi hafikishi, anawekwa mezani kwa heshima ile ile ya saa ya mfalme. Bei ingeingia, nusu ya vitu vile visingefika mlangoni.

Hata mahali pamechaguliwa kwa akili. Ghala wanamofanyia kazi liko Weald and Downland huko Sussex, makumbusho ya majengo ya kale yaliyofunguliwa ubao kwa ubao kwao na kusimamishwa upya hapo.

Sasa tuitazame ile redio, maana hapo ndipo hesabu inapouma. Redio ya vali, zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista, ya miaka ya 1930 au 1940 haichomekwi tu ukutani kuona kama italia. Kapasita zake, vile vipande vya kutunza umeme, za karatasi na nta zimeshavuta unyevu na zinavujisha umeme. Ukiingiza moto kwa pupa unaunguza transfoma ambayo spea yake haipatikani dukani. Kuna redio za zamani ambazo bati lao la ndani limeungwa na umeme wa nyumba moja kwa moja, bila transfoma katikati, na atakayeligusa vibaya atapigwa na umeme. Kwa hiyo fundi anaanza kupima kipande kimoja kimoja kabla ya umeme kupita. Anabadilisha waya ambao mpira wake umekauka na kubanduka. Anasafisha swichi ya kubadilishia mawimbi. Wenye wivu na urithi hufika mbali zaidi: wanaipasha moto kapasita ya zamani, wanatoa matumbo yake, wanapachika mpya ndogo ndani, kisha wanaziba kwa nta, ili hata atakayefungua nyuma asijue kitu kimebadilishwa. Hapo kasha halijaguswa. Bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, ikipasuka ina kazi yake peke yake.

Hizo ni siku za mtu. Ukiacha redio chache za kutafutwa, kama ile ya duara ya Ekco AD65 ya mwaka 1934 aliyoisanifu Wells Coates, redio iliyopona mara nyingi haiuziki hata kwa robo ya kazi iliyoingia. Na ikishapona, isikilize nini? Redio hizi hudaka mawimbi ya zamani, na BBC ilizima mawimbi ya kati ya stesheni yake ya Radio 4 mwaka 2024. Wako wapenzi wa redio hizi waliojitengenezea vitransmita vidogo vya nyumbani, wanairushia redio muziki wa enzi zake kutoka chumba cha pili.

Ndiyo maana wanaokikosoa kipindi wanasema kinaficha jambo la msingi. Mtazamaji anaguswa, kesho yake anambebea fundi wa mtaani kwake saa ya ukutani ya babu, anatajiwa bei, anaona ameibiwa. Ile hela ya ufundi ambayo skrini iliifuta imerudi kama jeuri ya fundi. Huku kwetu, Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, mambo yanakwenda kinyume: bei hupatanwa kwanza chombo kikiwa wazi juu ya meza, spea kando na ufundi kando, na kule kubishana ndiko kunakomfundisha mteja ndani mna nini. Sisemi fundi wetu ni malaika. Kuna wa njoo kesho ya mwezi mzima, na kuna anayekurudishia redio ikiwa na spika ya mtu mwingine. Ila hakuna mteja anayetoka pale akidhani lehemu hujipaka yenyewe.

Lawama ya pili ninaipokea nusu. Inasema machozi haya yanakiachia kiwanda kipumue: tunalia juu ya redio iliyotengenezwa ili itengenezeke, huku simu mfukoni imegandishwa kwa gundi. Ni kweli sheria ya Uingereza ya mwaka 2021 iliyowabana watengenezaji wawe na spea, kwa miaka 7 hadi 10 baada ya modeli kuachwa, iligusa mashine za kufulia, friji na televisheni, ikaziruka simu na kompyuta za mkononi. Lakini kumtwika fundi wa ngozi dhambi ya kiwanda cha simu naona ni kumwonea. Kipindi cha jioni hakitungi sheria. Kinachoweza kufanya ni kumzoesha mtu wazo kwamba kitu kikiharibika si lazima kitupwe, na hilo kimelifanya kuliko mabango mengi.

Ninapokosana nacho ni kwenye swali la nani atairithi kazi yenyewe. Mwaka ule ule wa 2017 ilitoka kwa mara ya kwanza orodha nyekundu ya fani za mikono zinazokufa Uingereza, na kushona mipira ya kriketi kwa mkono, mchezo wao wenyewe, kulitajwa kuwa kumeshakufa huko. Fani haifi kwa kukosa watu wa kuilia. Inakufa kijana anapopiga hesabu ya pango na chakula, akaona haitoshi. Hata zile Repair Café zilizoanzia Amsterdam mwaka 2009 kwa wazo la Martine Postma, ambako watu wa kujitolea hutengenezea majirani vitu, zinafanya jambo jema kwa njia hiyo hiyo ya bure. Bure juu ya bure, mwenye duka la kutengeneza vitu anabaki peke yake na bei yake.

Sitaki waweke bili mezani pale mama anapolia. Hiyo itakuwa roho mbaya. Wala sitaki pauni zitajwe. Mimi ningeridhika na mstari mmoja mdogo chini ya skrini kabla kitambaa hakijafunuliwa: kazi hii imechukua saa kadhaa. Mtazamaji anajua analipwa ngapi kwa saa. Azidishe mwenyewe, kisha ndipo kitambaa kifunuliwe.