Laptopu yangu na usingizi wa mang'amung'amu

Jamani mimi naomba kitu kimoja tu, nikiifunga laptopu ilale, nikiifungua iamke. Basi. Sijaiomba inipikie.

Sasa hii yangu ya mfumo wa Linux inalala kama mlinzi wa zamu, jicho moja wazi. Juzi nimeifunga betri iko asilimia 90, nikaitia kwenye begi, masaa matatu baadaye naingiza mkono, begi la moto utadhani nimembeba mtoto mwenye homa, feni inavuma humo peke yake, betri asilimia 12. We kiumbe ulikuwa unafanya nini humo gizani?

Na siku ikiamua kulala kweli inalala ule wa pono. Skrini nyeusi tii, taa ya kibodi inawaka, unabonyeza hadi vitufe ambavyo hujawahi kujua kazi yake, kimya. Mwisho unashikilia kitufe cha kuwashia kama unamkaba mtu shingo, na ile kazi ambayo hujaisevu ndo imekwenda hivyo.

Nikasema leo leo. Nikafungua teminali, lile dirisha la kuandikia amri, nikasoma faili la /sys/power/mem_sleep, kumbe usingizi wenyewe uko wa aina mbili: s2idle, ambao mashine imejinyoosha tu ila ukiita inaitika, na deep, ambao karibu kila kitu kinazimwa inabaki RAM tu, ile kumbukumbu ya muda, ndo inapewa umeme. Unaotumika ndo unawekewa mabano. Yangu mabano yako kwa s2idle, aha! (Kuna laptopu za siku hizi hiyo deep hazina kabisa, kwa hiyo hapo nilijiona nimependelewa.) Nikaongeza mem_sleep_default=deep kwenye mipangilio ya grub, ile programu inayoianzisha Linux, nikaristati, nikailaza. Ikalala. Dakika moja haijaisha ikaamka, hakuna aliyeigusa.

Nani kakuamsha?

Nikaingia /proc/acpi/wakeup, ndo kuna orodha ya vifaa vyenye ruhusa ya kuiamsha. XHC, yaani upande wa USB, imeandikwa enabled. Nikageuza macho pembeni taratibu, nakuta kile kidubwasha cha mausi isiyo na waya kimechomekwa, na mausi iko hapo mezani, ukiegemea meza tu inatikisika na laptopu inaruka ikidhani imeitwa. Na siku ile ya begi mausi ilikuwa humo humo, inagongwagongwa njia nzima! Mwezi mzima nailaumu kaneli, kile kiini cha Linux, nailaumu dreva ya kadi ya video, hadi waifai nimeisingizia.

Haya, nikaandika echo XHC | sudo tee /proc/acpi/wakeup kuinyima ruhusa. Nikabonyeza mshale wa juu, enta tena, kuhakikisha. Nikailaza, ikaamka. Nikarudia tena mara mbili, nikailaza, ikaamka. Karibu saa nzima nimekaa hapo natoka jasho ndo nagundua lile faili ni kama swichi ya taa, ukiandika mara ya kwanza inazima, ya pili inawasha! Na mimi ndo mtu wa kufunga mlango halafu narudi kuusukuma.

Sasa imelala, nimeichungulia mara nne. Ila nikiristati hiyo mipangilio inafutika, eti inabidi niitengenezee huduma ya systemd, ile inayoendesha huduma za Linux, iwe inaiandika kila inapowaka, leo sina hamu hiyo, nimechomoa kidubwasha nimekitia mfukoni.

Sasa hivi nimeifungua. Imeamka vizuri, skrini safi, paswedi imekubali, waifai haipo.