Kabla ya Kununua Reguleta, Uliza Fundi Wake Yuko Wapi

Kila mwaka malipo ya korosho yanapoanza kuingia, mimi hupokea simu mbili tatu za vijana wa Mtwara na Mikindani wanaotaka kununua vifaa vyao wenyewe vya kuzamia, nao huuliza swali lile lile: reguleta ipi ni nzuri? Huwajibu kwa swali ambalo najua linawaudhi: siku itakapoanza kuvuja, utampelekea nani? Wengi hunyamaza kidogo, kisha hunitajia rangi yake, uzito wake na punguzo la bei waliloliona mtandaoni.

Ninaposema kuzamia, sisemi habari za kijana anayejificha ndani ya meli ili aamkie Ulaya, ingawa hapa bandarini hiyo ndiyo maana ya kwanza ambayo neno mzamiaji humletea mtu. Nasema habari za kushuka chini ya bahari na mtungi wa hewa mgongoni, kazi ambayo imewapa riziki baadhi yetu tangu Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilipoanzishwa mwaka 2000 na wageni wakaanza kuulizia matumbawe ya Msimbati na Ruvula.

Reguleta si kitu kigeni kama jina lake linavyosikika. Mwenye jiko la gesi nyumbani anayo ndogo yake juu ya mtungi, na kazi ni moja: kuchukua gesi iliyobanwa kwa nguvu na kuitoa kwa mgandamizo ambao jiko linaweza kuupokea. Tofauti ni kwamba ya mzamiaji hufanya kazi hiyo kwa hatua mbili. Kichwa kinachofungwa kwenye mtungi hupokea hewa ya baa 200 hivi (baa ni kipimo cha mgandamizo) na kuishusha hadi kati ya baa 8 na 10 juu ya mgandamizo wa maji yaliyomzunguka mzamiaji. Kisha kile kipande kinachokaa mdomoni huimalizia, kikitoa hewa pale tu unapovuta pumzi, kwa mgandamizo sawasawa na wa kina ulichopo. Ukiwa mita 10 ni baa 2, ukiwa mita 30 ni baa 4. Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, ndio waliounda chombo cha namna hii mwaka 1943, na Gagnan alianzia kwenye vali aliyokuwa ameibuni ili magari yatumie gesi wakati petroli ilipoadimika vitani. Kwa hiyo mfano wangu wa jiko la gesi hauko mbali na asili yake.

Sasa nieleze kilichonifanya niwe mkali juu ya jambo hili. Mwaka juzi niliituma reguleta yangu Dar es Salaam kwa basi la alfajiri, ikafanyiwe huduma ya mwaka kwa fundi niliyeelekezwa na rafiki. Ilirudi baada ya wiki tatu ndani ya mfuko wa nailoni, ikiwa safi na inang'aa, bila karatasi wala kipuri hata kimoja cha zamani, na bili ilikuwa kamili. Ufuoni Ruvula niliifunga kwenye mtungi, nikavuta pumzi mara kadhaa, ikawa laini kabisa. Tukashuka. Tulikuwa mita 18, pembeni ya ukuta wa matumbawe unaoteremka ghafla karibu na ufuo, nilipoanza kusikia mlio mwembamba mdomoni, kama wa tairi la baiskeli lililochomwa na mwiba. Baada ya dakika moja mlio ukageuka mkondo, na mapovu yakawa yananitoka hata nisipopumua. Nilimpa mwenzangu ishara, tukapanda taratibu, tukasimama mita 5 kwa dakika tatu huku geji ya mtungi ikishuka ninaiona, tukatoka salama.

Chombo hiki kimeundwa kiasi kwamba, kwa kawaida, kikishindwa kinamwaga hewa badala ya kuikata. Hilo ni jambo la kushukuru, ila lisikulaze usingizi. Mtungi wa lita 12 uliojazwa baa 200 una hewa ya lita 2,400 tu, na mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji atatumia lita 56 akiwa mita 18, kwa sababu ya mgandamizo wa kina hicho. Huo ni upumuaji wa kawaida, kabla hatujaihesabu hewa inayokwenda bure.

Jioni ile niliazima geji ndogo ya kupimia mgandamizo wa kati, yaani wa hewa iliyotoka kichwani na haijafika mdomoni, ile inayochomekwa kwenye mpira wa kujazia jaketi la kuelea. Kwenye reguleta nzima, mshale hupanda hadi mahali pake na kusimama, na kila unapovuta pumzi hushuka kidogo kisha hurudi pale pale. Wangu ulisimama kwenye 9.5, ukatulia, kisha ukaanza kutambaa: 10, 10.5, 11, kama mtu anayepanda ngazi kwa kunyata, hadi kipande cha mdomoni kikashindwa kuvumilia na kuanza kulia. Fundi mwingine, mtu mzima ambaye mimi humpa shikamoo hata kwenye simu, aliifungua mbele yangu nilipokwenda Dar baadaye. Oringi za nje, zile pete za mpira za kuzuia uvujaji, zilikuwa mpya. Kiti cha vali, kinachoziba njia ya hewa na ambacho ndicho moyo wa shughuli yote, kilikuwa cha zamani, kina mchoro wa duara uliochimbika kiasi kwamba ukucha ulikwama ndani yake. Kichujio cha pale hewa inapoingilia kichwani kilikuwa na ukungu wa kijani. "Mwanangu," aliniambia, "hii waliiosha tu."

Tukipeleka pikipiki gereji, hakuna anayekubali kuambiwa kwamba pedi za breki zimebadilishwa bila kuoneshwa zile zilizotolewa. Kwa chombo tunachopumulia chini ya maji tunaridhika na mfuko wa nailoni. Tangu siku ile nadai vipuri vyangu vya zamani virudi, hata kama ni oringi nyeusi zilizofungwa kwenye gazeti, na nadai karatasi inayoonesha mgandamizo wa kati ulipimwa ukawa kiasi gani. Fundi anayekasirika kwa ombi hilo amenisaidia kumjua.

Kile kichujio nacho kina maneno yake, na mtu yeyote anaweza kuyasoma kwa kuvua kifuniko cha kichwa na kukiangalia kwenye mwanga. Rangi ya kijani ni kutu ya shaba, maana yake maji yaliingia, na mara nyingi ni maji ya chumvi. Rangi ya kahawia nyekundu ni kutu iliyotoka ndani ya mtungi wa chuma. Weusi mara nyingi ni vumbi la mkaa au uchafu kutoka kwenye kompresa, na hapo mwenye reguleta asihangaike na reguleta yake, amuulize anayemjazia mitungi alibadilisha lini vichujio vya mashine yake.

Kijani changu nilikitafuta mwenyewe, sina wa kumlaumu. Kuna makosa mawili ambayo nayaona yakifanywa kila wiki ufuoni. La kwanza ni kubonyeza kitufe cha kupulizia wakati reguleta imo ndani ya ndoo ya kuoshea na haijafungwa kwenye mtungi, jambo linalofungua njia ya maji kupanda ndani ya mpira hadi kwenye kichwa. La pili ni kufunga kifuniko cha kichwa kikiwa bado kimelowa. Naongeza la tatu ambalo ni la kwetu hasa: visima vya karibu na ufuo mara nyingi vina chumvi, na kuosha chumvi kwa chumvi ni kujidanganya. Mimi hubeba dumu la lita 20 kutoka nyumbani, ingawa dereva wa bodaboda hulinung'unikia kila safari.

Kuhusu uchaguzi wenyewe, watengenezaji wana aina mbili kubwa za vichwa, ya pistoni na ya diaframu, yaani utando unaonyumbuka. Ya pistoni ina vipuri vichache na ni rahisi kuihudumia, lakini katika miundo mingi springi yake huogelea ndani ya maji, na maji yetu hubeba mchanga na tope la Ruvuma, hasa wakati wa masika. Ya diaframu iliyozibwa huyaacha maji nje. Matangazo husema kwamba uzibaji huo ni kinga dhidi ya barafu, jambo ambalo kwa bahari yetu ya joto ni kama kumuuzia mtu wa Lindi koti la manyoya, lakini kwa sababu ya chumvi na mchanga mimi huuchagua bila kusita. Nashauri pia kichwa kilichosawazishwa, ambacho hakibadilishi ulaini wa pumzi mtungi unapokaribia kuisha. Ufungaji wa DIN, ule wa kuzungusha kama skrubu ndani ya vali ya mtungi, kwa maoni yangu ni imara kuliko wa kibano kinachoikumbatia vali kwa nje, ila kabla hujanunua nenda kaangalie vali za mitungi utakayokodi, au nunua na adapta kabisa.

Hayo yote nayaweka chini ya swali la fundi na vipuri. Afadhali reguleta ya kawaida ambayo kifurushi chake cha vipuri kinapatikana Dar es Salaam au Zanzibar kuliko ya titani ambayo kila oringi yake itavuka bahari. Mitumba inayoachwa na wageni siikatai, nimeitumia mwenyewe, lakini bei yake ni ile uliyoambiwa pamoja na huduma kamili, na kwanza uhakikishe kwamba vipuri vya muundo huo bado vinatengenezwa.

Watengenezaji wengi huagiza huduma kila mwaka au kila baada ya mizamo 100, na wengine wamesogeza hadi miaka miwili kwa sharti la ukaguzi wa kila mwaka. Kuna wanaoniambia, "Mjomba, yangu imelala kabatini tu tangu kusi ianze, haijachoka." Inachoka. Mpira hukauka, na chembe za chumvi zilizobaki hazijui kwamba umepumzika. Pamoja na hayo, sikubaliani na kuifungua mara kwa mara kwa wasiwasi, maana kila kichwa kinapofunguliwa ni nafasi mpya ya kukosea. Pima mgandamizo, sikiliza, kunja mipira karibu na viungo uone kama imepasuka, funga kifuniko cha kichwa kisha uvute kwa mdomo uone kama hewa inapenya. Kufungua mwachie aliyefundishwa kwa muundo huo.

Mwaka huu watu wanne tumekubaliana kununua aina moja, tukachanga geji ya kupimia na seti moja ya akiba ya vipuri, na zote zitakwenda Dar pamoja, zikibebwa na mmoja wetu mkononi badala ya kuachiwa kondakta. Wa tano bado anaitaka ile ya titani. Tumemwambia geji ataazima, lakini nauli ya oringi zake atajitafutia.