Saa Moja na Nusu ya Nani?

Leo asubuhi pale kijiweni Igoma, huku kwetu Mwanza, kijana mmoja kaniambia, "Mzee, siku hizi Mwanza na Dar ni majirani. Ndege saa moja na nusu tu, umefika." Nikaweka kikombe cha kahawa chini. Saa moja na nusu ya nani?

Mwezi uliopita nilipanda ndege hiyo hiyo. Kwa angani, sikatai, ni kilomita 850 hivi; kwa barabara zinapita 1,100. Lakini ndege haikufuati Igoma. Ilikuwa iruke saa 4 asubuhi, mimi nikaamka saa 9 usiku. Bodaboda ikapata pancha Mabatini. Pale mlangoni uwanjani wakanivua mkanda, nikapita mbele za watu nimeshika suruali kama mtoto wa chekechea.

Basi, nikafika kwenye mizani.

Nilikuwa na boksi la sato wa Mwaloni, wamelala kwenye barafu, zawadi ya mama mkwe, Mbagala. Binti wa kaunta akaangalia namba. "Baba, umezidi kilo 3."

Nikakohoa kiungwana. "Mwanangu, hiyo ni barafu tu. Tukifika juu ya Kondoa itakuwa imeyeyuka yote."

"Ikiyeyuka si inakuwa maji, baba? Na maji yana kilo."

Nikakosa jibu. Nyuma yangu foleni ikageuka kikao. Mzee mmoja akashauri nimwage barafu. Mama mwenye ndoo ya dagaa akasema wataoza hao, kata vichwa. Nikamweleza kwamba mkwe wangu anakula vichwa, hiyo minofu huwaachia wajukuu. Jamaa wa suti akauliza kwani sokoni Feri, kule Dar, hakuna samaki. Feri! Nitoke ziwani nikamnunulie mkwe samaki wa baharini? Binti akasema, "Baba, lipia au punguza." Nikapiga magoti, nikafungua boksi, nikamshika sato mmoja mkia, nikageuka kutafuta wa kumpa. Washauri wote wakawa wanaangalia simu zao.

Nikalipa. Hela ile ingeninunulia sato wengine wawili! Halafu gundi ya boksi ilishalowa, ikakataa kushika, nikalifunga kwa mkanda wangu. Suruali nikaendelea kuishika kwa mkono mpaka Dar.

Tukiwa tumekaa tukatangaziwa kwamba ndege yetu bado iko Bukoba. Tuliondoka saa 8 mchana. Angani ni kweli, saa moja na nusu, hapo sina neno. Kisha foleni ya Tazara. Nabisha hodi Mbagala saa 1 usiku, nanuka shombo, mama mkwe ananitazama: "Mkwe wangu, mbona umechoka hivyo? Si umekuja na ndege?"

Kurudi nilipanda basi. Hakuna aliyenipima, hakuna aliyegusa mkanda wangu. Miguu ilianza kuvimba Manyoni, lakini ni miguu yangu. Singida wakatupa dakika 10 za kula, nikanunua paja la kuku wa kienyeji kwa bei ya kuku mzima wa Igoma. Nimelitafuna mpaka Nzega, bado gumu. Kuku gani yule? Nadhani naye alitoka Dodoma kwa miguu.